Homa Kidogo

Mwalimu Fulgence ana msemo mmoja tu, na anautumia mpaka unakera: "Neno usilolijua, waulize majirani zake." Anaandika ubaoni sentensi ya Kiingereza yenye pengo, chini yake maneno matatu, kisha anatuacha tuhangaike. Mvua imegoma, mkulima anatazama mawingu kila asubuhi: je, ni proud, hungry au worried? Sisi tunaorudia mtihani wa kidato cha nne hapa Songea tukakimbilia hungry, maana mvua ikigoma njaa tunaijua. Akatufokea. "Anatazama mawingu! Mwenye njaa anatazama chungu!" Jibu lilikuwa worried, ana wasiwasi.

Kiingereza ndicho kilichoninyima chuo cha uuguzi. Bibi yangu, aliyenilea kule Nakapanya tangu nikiwa mchanga, hakujali. Yeye alikuwa na ombi lake moja, analirudia kila ninapofunga begi: "Zabibu, siku yangu ikifika, uje unione uso kabla hawajanifunika. Nisiondoke hujaniona." Namwambia aache uchuro, tunacheka.

Jumanne saa mbili asubuhi, tukisubiri karatasi za jaribio, mjomba akapiga simu. Mjomba ni mtu wa kubipu. Siku hiyo alipiga kwa salio lake mwenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza. Bibi yako ana homa kidogo. Usiwe na haraka, maliza masomo yako, halafu mfuatane na Zena mje. Mwalimu wako yupo? Hebu mpe simu."

Mwalimu akatoka nayo nje. Aliporudi alinikabidhi kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Fanya jaribio, mwanangu, kisha uende." Mwanangu! Mtu ambaye wiki nzima alikuwa akiniita kichwa maji.

Nikafanya. Nilijaza mapengo yote, na mwalimu akasahihisha palepale: hakuna hata moja nililokosa.

Zena, binti wa mama mkubwa, alinikuta stendi macho mekundu, akasema ni vumbi. Akaninunulia chapati na kukaa kando yangu mpaka nikaimaliza. Basi liliondoka saa sita.

Tulipopita Namtumbo ndipo maneno ya mjomba yakaanza kujipanga kichwani. Bibi yako ana nini? Homa, alisema. Basi nikawauliza majirani. Umekula. Mfuatane. Mpe mwalimu simu. Na yale macho ya Zena. Hakuna hata mmoja aliyelikubali lile neno.

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba. Anaambiwa kuna mgonjwa, tena mgonjwa kidogo, ili afike salama. Nimekaa kwenye mikeka ya misiba tangu utotoni, nikiwasubiri wengine waliodanganywa hivyohivyo, na niliona ni huruma. Ndani ya basi lile niliichukia huruma hiyo.

"Zena, wanazika saa ngapi?"

Akajifunika kanga usoni. "Baada ya alasiri."

Nikampigia mjomba. "Nisubirini. Nisubirini nimwone uso tu."

"Njoo, mpwa wangu," akasema. "Njoo tu."

Alasiri ilitukuta Tunduru, kondakta akishusha magunia ya watu, akibishana na mama mmoja kuhusu kuku wake. Nilitamani kushuka nikimbie kwa miguu. Zena alinishika mkono kwa nguvu, na safari hii hakusingizia vumbi.

Jua lilikuwa linazama tulipofika. Wanaume walikwisha kurudi kutoka makaburini. Nilipita katikati ya vilio moja kwa moja hadi chumbani kwa bibi, nikakuta kitanda kimesimamishwa ukutani, hakina godoro. Sisi wanawake hatuendi kuzika. Ule uso ndio uliokuwa haki yangu.

Mjomba akanifuata. "Shehe alisema maiti asicheleweshwe."

"Na asubuhi? Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Ungeanguka njiani, Zabibu."

"Ningeanguka, mjomba! Ningeanguka saa mbili, saa nane ningekuwa nimefika. Ningemwona!"

Akainamisha kichwa, akitazama udongo uliomkaukia miguuni. Nilimwona akitafuta neno la kuniambia.

"Umekula?" akauliza.