Majina Yaliyopanda Ukutani kwa Dairekta

Fundi cherehani alikuwa akipinda suruali ya shule majina yalipoanza kupanda kwenye ukuta wa nyumba mpya ya Dairekta, ng'ambo ya barabara. Yalikuwa meupe. Yalitoka kwenye msingi na kupotelea chini ya bati, taratibu, kama yanavyopita mwishoni mwa filamu. Fundi alimalizia pindo, akakata uzi kwa meno, akaenda kutazama.

Yalikuwa majina ya wachangiaji. Dairekta alikuwa ameuchangisha mtaa mzima kwa simu ili atengeneze filamu, akaahidi kwamba kila aliyetoa angeandikwa mwishoni. Filamu haikuonekana. Ilionekana nyumba. Dairekta alikuwa amekula, amenawa na kupangusa mdomo.

Watu walileta viti. Kinyozi alilalamika kwamba amewekwa chini ya mkwewe. Fundi alisubiri jina la marehemu dada yake. Alikuwa ameuza cherehani yake ya pili, aliyoachiwa na dada huyo, na kuchangia kwa jina lake, ili walau mara moja lipite mbele za watu. Majina yaliisha, yakaanza upya. La dada halikuwamo. Dairekta hakuwa ameliandika popote.

Dairekta alipaka rangi. Majina yakapita juu ya rangi mbichi. Baada ya wiki yalihamia mwilini mwake, yakawa yanapanda kila alasiri kutoka kifundo cha mguu hadi kwenye paji la uso. Benki walimhudumia kama mtu mwenye chunjua, bila kumtazama usoni. Jumatatu aliingia kibandani kwa fundi, akaagiza koti zito lenye kola ndefu, litakaloyazuia yasifike usoni.

"Unajua mimi riziki yangu ni huu uso, dada'angu."

"Nyanyua mikono, kaka."

Alimpima kifua na mabega. Shingo aliipima mara mbili. Akiwa na pini mdomoni, alimuuliza jina la marehemu lilidondokea wapi. Dairekta alisema mambo yalikuwa mengi, mengine yaliteleza. Filamu ijayo angeliweka la kwanza kabisa.

"Usijisumbue," fundi alisema. "Nitaliweka mwenyewe."

Alilidarizi ndani ya kola kwa uzi wa kushonea viatu, mafundo yakielekea kwenye ngozi. Koti liliyazuia majina yote. La dada lilizama shingoni, jekundu, likakaa hapo. Dairekta alipovua koti halikutoka, na alipomeza mate lilimkaba kidogo. Alirudi kuomba litolewe.

"Hilo halipiti, kaka. Limeshafika."

Mwezi huohuo Dairekta alitangaza mchango mpya, wa filamu kuhusu mtu mwenye jina shingoni. Tangazo lilikuwa na picha yake, kidevu juu. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wameshatuma, wengi wao walewale.

Fundi aliikuza picha kwa vidole viwili, akakagua mishono ya jina, mmoja mmoja. Hakuna uliolegea.