Dakika Mbili za Salamu

Siku ya tatu ya mafunzo ya podikasti, saa nne asubuhi, Emiliana alikata salamu kwenye rekodi yake. Zilikuwa dakika mbili na ushei: yeye akimwamkia Bibi Ruthu wa Mvumi, bibi akiitikia, kisha mbukwa kwa mbukwa, kama Wagogo wasalimianavyo, habari za nyumbani, za mvua, za mbuzi, za mguu wa kushoto. Mkufunzi, Abdulnasiri, aliyetangaza redioni miaka kumi na miwili, alikuwa amewaambia wanafunzi wake wa uzamili wa historia na lugha kwamba msikilizaji wa siku hizi hana subira, usipomshika katika nusu dakika ya kwanza ameshakukimbia. Emiliana akafuta salamu, akavaa hedifoni, akabonyeza. Bibi Ruthu hakusema kitu.

Rekodi ilikuwa kimya kwa dakika zote arobaini na moja. Abdulnasiri alikagua waya, akabadilisha hedifoni, kisha akauliza Emiliana amekata nini. Alipoambiwa alijikuna kidevu.

"Mrudishie bibi wa watu salamu zake," alisema.

Zikarudishwa, na bibi akaendelea na maneno yake. Abdulnasiri akawaagiza wengine waandike kwamba wazee wa huku hawakatwi salamu. Wakaandika.

Bibi Ruthu alikuwa amefariki mwezi wa tatu, wiki mbili baada ya kurekodiwa. Kabla ya kuruhusu kinasa sauti kiwashwe alitoa sharti moja tu, jina lake litajwe. Zamani, alisema, alikuja kijana mmoja wa chuo akaondoka na majina ya visima vyote kumi na tisa ambavyo wanawake wa pale huvichimba kwenye mchanga wa mto wakati wa kiangazi, kila kimoja na jina lake na mwanamke aliyekianzisha. Kijana hakuonekana tena. Emiliana aliahidi, akaapa na kuapa, maana ahadi ilikuwa rahisi siku ile.

Visima hivyo alikuja kukutana navyo maktabani, katika kitabu cha Dokta Gerson, msimamizi wake. Vilikuwa kumi na tisa, kwa mpangilio uleule wa bibi. Shukrani zilikwenda kwa Mungu, kwa wafadhili na kwa mke wa mwandishi. Na fomu ya Emiliana ya kuwasilisha tasnifu ilikuwa kwenye mkoba wa Dokta Gerson, ikisubiri saini yake, mwisho Jumatatu. Asiposaini, mwaka mzima umepotea. Emiliana aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Ijumaa kila mwanafunzi alipaswa kusikilizisha kazi yake mbele ya walimu. Dokta Gerson aliketi mstari wa mbele, mkoba magotini. Emiliana akabonyeza. Salamu zikapita, mguu wa kushoto ukapita, halafu bibi akanyamaza mahali ambapo siku zote huendelea.

"Mko wangapi humo?" aliuliza.

Abdulnasiri alimjibu kwamba wako kumi na wanne.

"Mbona aliyeniamkia ni mmoja?"

Wakamwamkia mmoja mmoja, kwa zamu, na bibi akamwitikia kila mtu na kumuuliza ni mtoto wa nani. Geofrey wa Kongwa alishikiliwa muda mrefu kwa habari za mahindi. Mhadhiri mmoja aliangalia saa, kwa sababu ratiba ilikuwa imeanza kuchelewa. Akabaki Dokta Gerson peke yake. Alikuwa akisoma simu, lakini kidole chake hakikuwa kikisogea.

"Shikamoo, bibi," alisema mwishowe, chini chini.

Bibi Ruthu hakuitikia.

"Sauti hii naijua. Ulikula mlenda kwangu siku nne. Ulisema kitabu kitakuwa na jina langu. Limo?"

Emiliana alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili.

"Limo?"

Dokta Gerson alieleza, kwa sauti ya darasani, kwamba kitaaluma mtoa taarifa hatajwi, na kwamba kutotajwa huko ni namna ya kumlinda.

"Unanilinda na nani?"

Bibi akasubiri kadiri ya mtu kumenya karanga moja, kisha akavitaja visima vyake, cha kwanza hadi cha kumi na tisa, rekodi ikaisha.

Walimu walitoa maoni. Sauti ilisifiwa kwa usafi wake. Dokta Gerson alishauri utangulizi ufupishwe, na sehemu ya maswali ya bibi iondolewe kabisa, kwa kuwa haina uhusiano na mada. Aliongeza kwamba maadili ya utafiti yazingatiwe katika kumtambulisha mhojiwa. Abdulnasiri, aliyetarajia kuitwa tena mwakani, alisema mawazo hayo ni mazuri.

Wengine walipokwenda kunywa chai, Dokta Gerson alivuta kiti karibu na Emiliana. Akaitoa fomu, akaiweka kando ya kompyuta, kalamu juu yake. Alimwita mwanangu. Akamwomba wamalizie maelezo ya podikasti pamoja, kabla hajaondoka.

Palikuwa na nafasi iliyoandikwa Msimulizi. Emiliana alikuwa bado amevaa hedifoni, na ingawa rekodi ilikuwa imesimama, alimsikia bibi akipumua, pumzi za mtu anayengoja. Aliandika R. Akaifuta. Dokta Gerson alikifungua kifuniko cha kalamu.

Emiliana akaandika: Mhojiwa Namba 4, mwanamke, Mvumi.

Saini ilichukua muda mfupi sana. Dokta Gerson akampongeza, akafunga mkoba na kutoka. Emiliana alitaka kulia, machozi yakakataa.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi Ruthu kwenye hedifoni, bila hasira. "Umenipa namba ngapi? Nikiitwa nijue."

"Nne, bibi."