Vigelegele vya Zita

Gari lilipotoka Louisville kwenda Buffalo, Zita alimgeukia Senada. Alimfunga mtandio shingoni, juu ya kovu la upasuaji, akamshikisha chupa ya chai ya tangawizi.

Senada alianza kuimba harusini kwao Bosnia akiwa msichana. Redio ikamchukua, vita vikamfukuza. Huku Marekani akawaimbia wakimbizi wenzake miaka na miaka, popote walipopata ukumbi. Kisha uvimbe ukamwota kooni, madaktari wakaukata, na Zita, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, akaja kumuuguza.

Mwezi uliopita walijaribu mjini Columbus. Sauti ilikatika katikati ya wimbo. Watu walikaa kimya kabisa, na Senada akashuka jukwaani mbele ya kimya kile kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Leo ikikatika tena, basi," alisema wakiingia Buffalo. "Sitaimba tena maishani. Mtanizika na kodiani ya Mirsad."

"Mirsad ndiye tutakayemzika kwanza, mama, kwa mwendo huu," alisema Zita.

"Nawasikia, mama zangu," alisema Mirsad, aliyekuwa dereva na mpiga kodiani pia. Akapunguza mwendo.

Ukumbi ulikuwa Tonawanda, kando ya Buffalo, nyuma ya kiwanda. Mlangoni Mirsad alimvuta Zita kando. "Wimbo wake ule wa mwisho, hata kukohoa hapana. Kwetu uchungu husikilizwa kimya. Ndiyo heshima."

Zita aliitikia kwa kichwa, ila moyo wake haukukubali. Kanisani kule kambini, mwimbaji akikwama, kina mama humpigia vigelegele mpaka ameze mate na kupata pumzi. Kumnyamazia ni kumtupa. Kule Columbus Zita alikuwa amejiziba mdomo, na mpaka leo jambo hilo lilikuwa likimchoma.

Nyimbo za mwanzo zilipita salama. Ukaja ule wa mwisho. Watu wakaweka vikombe vyao vya kahawa chini. Sauti ya Senada ikapanda, ikapanda, ikakwaruza, ikakatika.

Kimya.

Mkono wa Senada ukaenda kwenye mtandio. Akageuza mguu mmoja kuelekea ngazi za jukwaa. Zita alibana meno, na kabla hajajua anafanya nini, vigelegele vikamtoka, virefu, vikali, vikagonga dari na kurudi.

Ukumbi mzima uligeuka. Mzee mmoja akasimama kwa hasira. "Nani huyu mwendawazimu?"

Zita alitamani sakafu immeze. Lakini hakuacha; kuacha katikati kungekuwa vibaya zaidi. Jukwaani Senada alisimama, akameza mate, akavuta pumzi.

"Kaa chini, mzee," alisema Senada kwenye kipaza sauti. "Huyo ni wangu. Mirsad, anza ubeti upya. Chini kidogo."

Kodiani ikaanza, chini kidogo. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya redio. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na mwanamke aliyekaa karibu na Zita akaanza kulia bila kujificha. Akamsukumia Zita kikombe chake cha kahawa.

Senada akafika tena pale palipomshinda. Akasita. Akamtazama Zita, nyusi juu.

Zita akafungua kinywa, tayari.

Senada akatabasamu, na sauti ikapita.