Sijamaliza Kusoma

Mikaratusi ya Ombati ilikunywa chemchemi yao pale Magwagwa mpaka likabaki tope tupu. Ndama wa Nyangau, kaka yake Ombati, alikwama humo akafa ulimi nje. Ombati akacheka, "Kaka, wafundishe ng'ombe wako kunywa umande."

Sabato moja ya mwaka sabini na moja, mhubiri alisema siku ya hasira yaja, na Mungu atawaangamiza wanaoiharibu dunia. Nyangau hakujua kusoma. Walipofika nyumbani akamwambia mkewe, Mong'ina, aliyeishia darasa la nne, "Mama Nyanchera, nisomee hapo tena."

Mong'ina akasoma Ufunuo, kidole juu ya neno. Alipotaka kufunua kurasa za mbele, Nyangau akamzuia. "Inatosha. Ombati ametajwa." Akachomoa panga darini.

Mong'ina akamfuata mbio, miguu mitupu. Alijua haendi kukata miti. Akimuua ndugu yake, Nyanchera ataitwa mtoto wa muuaji maisha yake yote.

Ombati alikuwa katikati ya mikaratusi, gongo mkononi. "Umekuja kuniibia fito siku ya Bwana?"

Nyangau akafyeka. Mkono wa Ombati ukapasuka toka bega hadi kiwiko, nyama ikaonekana nyeupe kabla damu haijajaa. Gongo likamvunja Nyangau meno. Wakaanguka topeni wakinyongana, Nyangau akawa juu, panga likapaa.

Mong'ina akajitupa kifuani kwa shemeji yake. "Sijamaliza kusoma! Ulinikatiza!"

Panga likasimama hewani. Nyangau akatema jino. "Soma basi."

Biblia ilibaki nyumbani. Mong'ina akasema ya kichwani: mto utokao katika kiti cha enzi cha Mungu, na miti kandokando yake, majani yake dawa. "Kuangamiza ni kazi ya Mungu, Baba Nyanchera. Hajakupa wewe. Kata miti hii inayokunywa maji, mwache huyu anayepumua."

Nyangau akaugeukia mkaratusi wa kwanza, akaupiga huku akinguruma kama anachinja. Mong'ina akararua leso yake, akaufunga ule mkono.

Masika yalipopita maji yalirudi, membamba. Mong'ina akajaza mtungi, akampelekea Ombati, ambaye mkono wake ulikuwa umekauka. Mkewe, Orpah, akaupokea mtungi, akautazama, akamwaga maji yote mlangoni.

"Yana damu ya mume wangu."

Mong'ina akaokota mtungi, akarudi kuchota mwingine.