Picha ya Pili ya Mbooni

Ndolo alipozikwa, mama yake hakulia. Watu wa mji mdogo wa Kabati walilisema hilo kwa sauti ya chini, kwamba Syombua alisimama kando ya kaburi kama mtu anayengoja foleni ya benki isogee. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemmaliza kijana wa miaka ishirini na mitatu kwa siku nne tu. Tarehe tisa mwezi wa tatu wakamfukia, na tarehe kumi na moja Syombua akafungua kibanda chake cha kushona sare za shule, akaketi kwenye cherehani, akaendelea na sketi aliyokuwa ameiacha nusu.

Haukuwa ujasiri. Hakusikia kitu, basi. Akila, isyo ya mahindi na maharagwe ilikuwa kama karatasi iliyolowa. Akiambiwa pole, anasema asante, na kabla yule mtu hajafika barabarani amekwisha kumsahau. Mumewe, Mulwa, ambaye duka lake la vifaa vya ujenzi lilitazamana na kibanda hicho, alikuwa akilia stoo, nyuma ya mifuko ya simiti. Syombua alimsikia zaidi ya mara moja, na kitu pekee kilichompitia moyoni kilikaribia wivu.

Simu ya Ndolo aliiweka kwenye chaji siku zote, kwa sababu huenda rafiki ambaye hajapata habari akapiga. Mwisho wa mwezi huo, mchana, ililia. Haikuwa rafiki. Ulikuwa ujumbe kutoka kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika makala na mwingine akazirekebisha. Ndolo alikuwa ameiandikia miaka miwili: makala za masoko, mito na vilima vya Kitui na Makueni, pamoja na picha zaidi ya mia mbili alizopiga mwenyewe. Syombua alikuwa akijivunia kazi hiyo bila kuisoma, jinsi wazazi wengi wanavyofanya.

Ujumbe ulisema: "Bwana Ndolo, nimengoja wiki sita. Kama huna jibu, sema huna jibu. Kalunde."

Akaufuata hadi kwenye ukurasa wa majadiliano, akasoma kuanzia mwanzo.

Huyo Kalunde alikuwa mwalimu karibu na Kikima, huko Mbooni, na hakuwa anaona. Simu yake ndiyo iliyomsomea kurasa kwa sauti. Katikati ya mwezi wa pili aliandika kwa adabu: kila ikifika kwenye picha za Ndolo, simu inasoma namba tu, kwa kuwa chini ya picha hakuna maelezo yaliyoandikwa ya kusomwa. Akaomba hasa kujua picha ya pili kwenye makala ya vilima vya Mbooni inaonyesha nini, maana huko ndiko alikozaliwa. Ndolo hakujibu. Basi Kalunde akatafuta mpwa wake amsaidie kutazama, wakaandika maelezo ya picha kumi na moja za makala nyingine. Kesho yake Ndolo akayafuta yote. "Yanajaza ukurasa bure," aliandika. "Makala ni ya kusoma, picha ni za wanaoona. Kila mtu na bahati yake."

Syombua alilisoma hilo neno la mwisho mara tatu. Lilikuwa neno la nyumbani kwake. Ni yeye aliyezoea kulisema watoto wakigombania kipande cha nyama.

Masikio yakamchoma. Alishangaa, kwa sababu kwa wiki tatu hakuna sehemu ya mwili wake iliyokuwa imesikia joto wala baridi. Kisha yakapoa, akapiga pasi kola sita.

Jumamosi iliyofuata alifunga kibanda. Akamwambia Mulwa kwamba anaenda Mbooni.

"Kufanya nini?" Mulwa aliuliza.

"Kumwombea Ndolo msamaha."

Mulwa alichukua kipimo. Akampimia kilo mbili za ndengu kutoka kwenye gunia la nyumbani, maana huwezi kwenda kuomba msamaha mikono mitupu.

Kikima alimuulizia mwalimu asiyeona, pikipiki ikamwacha chini ya mteremko, akapanda kwa miguu. Hewa ilikuwa baridi kuliko ya Kabati, na kila shamba lilikuwa na maparachichi. Kalunde alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kilemba kimefungwa vizuri, vidole vikikamata mawe madogo haraka kuliko macho ya Syombua yalivyoweza kuyaona.

"Karibu. Nani?"

"Mimi ni mama ya Ndolo. Yule wa picha."

Vidole vikasimama. "Aa! Sasa ameshindwa kuandika, ametuma mama?"

"Hakunituma. Tulimzika tarehe tisa mwezi wa tatu."

Jogoo alipita kati yao. Kalunde aliweka ungo chini polepole.

"Mimi nilimwandikia mwisho wa mwezi," alisema. "Yule alikuwa ashazikwa, na mimi namwambia aseme kama hana jibu."

"Hukujua."

"Sikujua. Pole sana, Mama Ndolo." Akamsogezea kiti. "Lakini sitakudanganya ukiwa kwangu. Huyo kijana alinikasirisha sana, na hasira haijaisha. Nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia."

"Niambie mimi."

"Wewe nitakuambiaje, na umefiwa?"

"Niambie tu. Mimi siku hizi sisikii kitu. Ukiniwekea pasi ya moto mkononi sijui kama nitaruka."

Kalunde hakusema maneno makali. Aliingia ndani, akatoka na chai na simu yake, akafungua makala ya Mbooni. Sauti ya kike ikaanza kusoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kizungu, mbio mbio, bila kupumua. Ikafika kwenye jedwali la mito. Ndolo alikuwa ameonyesha miezi ya ukame kwa rangi nyekundu na miezi ya maji kwa kijani, bila neno hata moja ndani ya visanduku. Sauti ikasema: tupu, tupu, tupu, tupu, mpaka Kalunde akaisukuma mbele kwa kidole. Mahali pengine ikasema, "Bonyeza hapa."

"Hapa wapi?" Kalunde aliiuliza simu.

Kisha ikafika kwenye picha ya pili na kusoma herufi tatu na mlolongo wa namba.

"Haya," alisema Kalunde. "Si umekuja? Niambie ni nini."

Syombua akaitazama vizuri picha hiyo kwa mara ya kwanza. Akaanza kuisema kama anavyosema vipimo vya mteja. "Kuna mbuzi wengi. Kuna mwanamke amevaa leso ya manjano, sketi yake haikushonwa vizuri, pindo limeachia. Kuna mti wenye miiba."

"Mbuzi wangapi?"

"Arobaini hivi."

"Wamefungwa?"

"Hapana, wametawanyika kwenye mchanga."

"Mchanga?" Kalunde aliinamisha kichwa. "Mchanga wa mto ama udongo tu?"

"Mchanga mweupe, mkavu. Na nyuma ni tambarare, hakuna kilima hata kimoja."

Kalunde akaanza kutabasamu kabla hajasema. "Mama Ndolo. Umepanda hapa kwa miguu. Umeona tambarare wapi? Hapa mtu ana mbuzi wawili, amewafunga nyuma ya nyumba ili wasianguke kwa jirani. Hiyo si Mbooni."

Syombua akaisogeza simu karibu na macho. Alikuwa anaujua mti ule. Alikuwa amekaa chini yake kwa saa nzima, mwaka juzi, walipokwenda Ikutha kwenye sherehe ya mahari ya binamu yake Ndolo, na Ndolo akawa anazunguka sokoni na simu mkononi.

"Ni Ikutha," alisema. "Ni soko la mbuzi la Ikutha. Aliiweka mahali si pake."

"Miaka miwili!" Kalunde alipiga paja. "Miaka miwili watu wenye macho yao wanaitazama wanapita tu!"

Kikatoka kicheko. Syombua alikisikia kabla hajajua ni chake, kifupi na kikavu, kama uzi unaokatika. Kalunde alicheka naye. Kisha pale kilipotoka hapakubaki kitu, akanywa chai, na chai ilikuwa chai tu.

Walifanya kazi hadi saa tisa. Syombua alitaka kutumia akaunti ya Ndolo, Kalunde akakataa katakata: jina la mtu ni la mtu, hata akifa, fungua lako. Akamfundisha. Usianze na "hii ni picha ya," simu imeshaniambia ni picha. Kichwa cha sehemu kiwekwe alama ya kichwa, usinenepeshe maandishi tu, maana mimi naruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopitisha macho. Rangi iwe na neno lake. Maelezo ya kwanza ya Syombua yalikuwa na mistari tisa, yakiwemo mapindo na vifungo vya kila mtu.

"Umenieleza kijiji kizima," Kalunde alilalamika. "Makala ni ya soko. Niambie soko."

Akapunguza. Kupunguza alikujua, ilikuwa kazi ya mkasi.

Aliporudi Kabati aliendelea, kila alasiri baada ya wateja. Picha moja, wakati mwingine mbili. *Wanawake wawili wakichota maji kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto.* *Gunia la ndengu lililofunguliwa, na kipimo cha bati juu yake.* Hakuwa akimkumbuka Ndolo kwa namna ambayo watu walitarajia. Alikuwa akisimama mahali mwanawe aliposimama na kutazama alichotazama, halafu anaandika, halafu anaenda kwenye nyingine. Kilikuwa kitu cha kufanya na mikono. Kuna siku alitambua kwamba Ndolo alipenda kupiga picha za milango, akajiuliza kwa nini, na hakukuwa na wa kumuuliza.

Kwenye ukurasa wa majadiliano, chini ya ujumbe wa mwisho wa Kalunde, aliandika kwa jina lake mwenyewe: "Mimi ni mama yake. Alifariki mwezi wa tatu. Picha ya pili ilikuwa ya Ikutha, nimeihamisha. Maelezo kumi na moja uliyoandika nimeyarudisha kama yalivyokuwa. Alikosea." Alikaa na neno lile la mwisho kwa muda. Akaliacha.

Mwezi wa kumi alikuwa amefikia picha ya mia moja na tisini. Siku hiyo mvua ilianza mapema, na Mulwa akavuka barabara kujikinga kibandani. Tangu mazishi alikuwa hajaweza kutazama picha yoyote ya Ndolo wala aliyoipiga Ndolo. Akageuza uso akaangalia mvua.

"Bado unafanya hiyo kitu?"

"Bado kidogo."

"Umeandika nini hapo?"

Syombua alimsomea. "Mlango wa mbao wa duka la vifaa vya ujenzi, nusu wazi. Mwanamume amepiga magoti sakafuni akihesabu misumari."

Mgongo wa Mulwa ulibaki umemwelekea. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye bati.

"Hiyo alipiga lini?" aliuliza.

"Mwaka jana. Mwezi wa nane."

"Sikumwona."

"Hukugeuka."

Mulwa akavuta kigoda cha wateja, akaketi, akafumba macho.

"Soma ingine," alisema.

Akamsomea.