Aya ya Kumi na Nne

"Ya kumi na nne itoke," alisema Bwana Manase, na kidole chake kikabaki kimekandamiza karatasi, kana kwamba aya ile ingenyanyuka ikakimbia.

Rahila alikuwa ameiinua stensili kuelekea dirishani, kama afanyavyo kila amalizapo ukurasa. Stensili haisomeki mezani. Ni karatasi laini ya buluu iliyopakwa nta, na mashine ya chapa huipiga bila utepe wa wino, herufi tupu zikaitoboa. Ukitaka kuona ulichoandika sharti uinyanyue kwenye mwanga. Hapo ndipo maneno hutokea, kila herufi tundu jembamba linalopitisha jua.

"Itoke vipi, Bwana Katibu? Nimeshaichapa."

"Si una dawa yako ya kufutia?"

"Dawa iliisha zamani."

"Basi tumia unachotumia siku zote."

Alichotumia siku zote ni rangi ya kucha. Dawa ya stensili ilikuwa haiji tena, bohari ya wilaya siku hizi inatoa chaki na ahadi. Lakini rangi za kucha zilijaa madukani tangu mambo yafunguliwe: nyekundu, za waridi, za zambarau, zimejipanga mbele ya sabuni ambazo miaka michache nyuma watu walizipigania kwenye foleni hadi wakararuana kanga. Rahila mwenyewe hakuwa mtu wa kupaka kucha. Kichupa chake chekundu kilikaa kwenye mtoto wa meza, juu ya bahasha yenye barua ya kibarua chake.

Barua hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi wiki nzima. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kata ya Mitondooni kwa mwaka wa saba sasa, lakini kwa miezi mitatu mitatu. Kila miezi mitatu ikiisha, Katibu humtilia saini mitatu mingine. Safari hii ulikuwa umekuja waraka wa kupunguza wafanyakazi, na wapiga chapa wa kata mbili jirani walikwisha kuambiwa wakae nyumbani. Muda wake ulikuwa unaisha kesho Ijumaa.

"Na barua yako uilete," Bwana Manase aliongeza, akiangalia pembeni. "Kesho asubuhi nikikuta kazi imekaa sawa, tutamaliza yote kwa pamoja."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mbondei wa kule Muheza, mpole, na mwaka ule Rahila alipojifungua alimtumia mkungu wa ndizi. Alisimama mlangoni akafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Rahila, binti yangu, mimi nina sita nyumbani. Hii karatasi Mheshimiwa ataiona kabla haijafika kwa tume. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

* * *

Mkutano wenyewe ulifanyika Jumanne, katika darasa la tatu la shule ya msingi, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Tume ya kukusanya maoni ya wananchi juu ya katiba ilikuwa inapita wilayani, ila Mitondooni haikupangiwa kufika. Kata ndogo ziliambiwa zikae zenyewe, ziandike, zipeleke. Rahila alikaa pembeni ya ubao na daftari lake. Kazi yake ilikuwa kuandika kila neno na kutosema hata moja.

Mambo yalikwenda polepole mpaka Mwalimu Asheri aliposimama na swali lake: je, mbunge awekewe ukomo? Vipindi viwili, miaka kumi, kisha apishe?

Darasa zima liliguna. Hakuna aliyetaja jina, na hakuna aliyehitaji kulitaja. Mheshimiwa Mudathir alikuwa bungeni tangu mwaka wa sabini na tano. Mara nne alishindanishwa na mwenzake, mmoja akapewa alama ya Jembe na mwingine Nyumba, na mara zote nne, kwa bahati ambayo watu walikwisha kuacha kuishangaa, Jembe lilimwangukia yeye.

"Miaka kumi na sita tumempa jembe," alisema Mwalimu Asheri. "Mimi nauliza tu, shamba liko wapi?"

Watu wakacheka. Mzee Mjaka, mwenye duka la pale njiapanda, akanyanyuka kwa hasira, dawati likanyanyuka naye.

"Nyie watoto wa juzi mna adabu gani? Mnataka kumtoa mtu mzoefu, mje mumtie mgeni mumfundishe upya? Huyu njia ya bungeni anaijua!"

"Ya kwenda anaijua, Mzee Mjaka," ilisema sauti kutoka nyuma. "Ya kurudi ndiyo imempotea!"

Kicheko kilipasuka hata kuku wa mwalimu mkuu wakakimbia uani. Mzee Mjaka alikaa, lakini hakunyamaza. "Chekeni. Mkimwondoa yeye, mnadhani Mwenyekiti wa halmashauri ndiye atakayewaezekea ile nyumba?"

Kicheko kikafa pale pale. Kwa maana ile nyumba iliwauma wote.

Ilikuwa wodi ya wazazi, nyuma ya ofisi ya kata. Kuta zilisimama tangu mwaka wa themanini na sita, watu walifyatua matofali wenyewe. Bati zililetwa, mia moja na arobaini, zikawekwa ghalani zingoje kikao cha halmashauri kiamue ni nani azikabidhi: kambi ya Mheshimiwa au kambi ya Mwenyekiti. Kikao hakikuamua. Kambi moja ikiingia ukumbini, nyingine hutoka, na akidi haitimii. Mwaka ukapita, na mwingine. Kwa kuogopana, ghala lilitiwa kufuli mbili, kila kambi na ufunguo wake, na hawajawahi kufika pale kwa pamoja.

Hapo ndipo Bi Chiku alipoinuka. Alikuwa msusi wa makuti, mwanamke mkavu mwenye vidole vilivyojaa makovu ya njiti. Kusoma alisomea ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaru.

"Mimi sijui katiba," alisema. "Ila niandikeni. Mwanangu Mastura alifia kwenye kitanda cha kamba, tumembeba mabegani, tunalitafuta gari barabara ya Pangani. Tulipita mbele ya ile nyumba. Ingekuwa na bati, tungeingia."

Aligeuka, akamnyooshea Rahila kidole. Mkono wa Rahila ulisimama juu ya daftari.

"Mwangalieni binti huyu anayeandika. Miaka saba anatuandikia, hajakosea jina la mtu. Na kila miezi mitatu anawekwa kizingitini, aombe tena. Akiharibu karatasi moja, kwaheri. Sasa huyu aliyeharibu kata nzima, mbona yeye hana miezi mitatu yake? Mbona hana hata miaka yake? Nawaomba na huyo awekewe mwisho. Basi. Nimemaliza."

Mikono ilinyanyuliwa. Mwalimu Asheri alihesabu: sitini na mmoja walitaka ukomo, tisa walikataa. Rahila akaandika. Ikawa ndiyo aya ya kumi na nne.

* * *

Sasa ilikuwa alasiri ya Alhamisi, ofisi imebaki yeye na mashine. Alilaza stensili mezani, akafungua kichupa, harufu kali ikampanda puani.

Alimfikiria mwanawe Suhaila, ambaye muda huo alikuwa kwa jirani, pengine amelala na kidole mdomoni. Suhaila na Mastura walikutana na barabara ile ile, wiki ile ile, miaka miwili nyuma. Uchungu ulimshika Rahila asubuhi, na lori la mkonge likapita. Mastura ulimshika jioni. Hakuna lililopita. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwako kati yao, na Rahila hakuwahi kupata pa kuiweka. Kila akiwa na mtoto mgongoni akakutana na Bi Chiku, mkono wake hushuka wenyewe kuvuta kanga, amfunike mtoto.

Miezi mitatu. Maziwa ya mtoto, pango la chumba, ada ya masomo ya jioni aliyoyaanza tena ili siku moja afanye mtihani wa kidato cha nne. Akiipaka aya, vitakuwapo. Asipoipaka, Bwana Manase atatafuta mwingine aipake, na yeye atakuwa nyumbani, na aya itakuwa imepakwa vile vile.

Alijiambia hivyo mara tatu. Mara ya nne akachovya brashi.

Alianza chini kwenda juu, asiyasome maneno kwa mpangilio. Sitini na mmoja. Mwisho. Kata nzima. Mstari baada ya mstari, wekundu ukijaa matunduni, naye akiinama kupuliza taratibu, kama ampulizavyo Suhaila uji. Nta haitaki haraka. Rangi isipokauka sawasawa, wino hupenya na kila kitu huonekana. Alijua hilo. Angeweza kufanya haraka. Hakufanya. Alipaka mkono wa kwanza, akangoja, akapaka wa pili, kwa sababu miaka saba ilikwisha kuufundisha mkono wake kazi safi, na mkono haukuuliza kazi hiyo ni ya nani. Alipofika kwenye "binti huyu anayeandika" alisimama kidogo, akatazama nje, kisha akapaka na hapo.

Namba hakuigusa. Aliambiwa aya.

* * *

Ijumaa asubuhi alizungusha mkono wa mashine ya kurudufu mara themanini. Karatasi zilitoka moja moja, zina unyevu na harufu ya wino. Kumi na tatu: barabara ya Pangani itiwe kifusi. Kumi na tano: walimu wapewe nyumba. Katikati, namba 14 na nukta yake, kisha mistari kumi na mmoja ya weupe.

Bwana Manase alizipitia amesimama. Gari la wilaya lilikuwa nje, dereva anapiga honi.

"Na hii namba?"

"Ulisema aya itoke, Bwana Katibu. Namba hukuitaja."

Alimtazama juu ya miwani, kwa muda mrefu kuliko honi mbili. Kuchapa upya kungechukua siku nzima, na tume ilikuwa inafunga mafaili saa tano.

"Haya," alisema mwishowe, kama mtu aliyemeza mfupa. "Watadhani mashine." Akavuta barua, akatia saini bila kukaa. "Miezi mitatu. Na hiyo stensili ichome."

Gari liliondoka na maoni ya Mitondooni. Rahila alibaki na barua yake mkononi. Alingoja furaha ije, kwa sababu ilikuwa haki yake kufurahi, mtoto atakula. Haikuja. Akaikunja barua, akaitia kifuani, ikamkwaruza.

Baada ya sala ya Ijumaa, Bi Chiku alibisha hodi, ukili na makuti yake ameyaacha barazani.

"Shikamoo, Bi Chiku."

"Marahaba, mwanangu. Hajambo mjukuu wangu Suhaila?"

"Hajambo."

"Alhamdulillahi. Nimekuja unionyeshe yangu. Nataka niisome mwenyewe, nikamsomee Mastura kaburini kwake. Ati karatasi inakwenda hadi kwa wakubwa, ina jina lake."

Nakala moja ilibaki mezani. Rahila hakuweza kuificha, wala kuitoa. Bi Chiku akaichukua mwenyewe, akaanza na kidole, taratibu, midomo ikicheza: kumi na mbili, kumi na tatu. Kidole kikafika kwenye kumi na nne, kikaendelea kulia, juu ya weupe, hadi mwisho wa mstari. Kikarudi, kikashuka mstari wa pili. Alisoma mistari yote kumi na mmoja hivyo hivyo, hakuna aliouruka. Kisha akaiweka karatasi chini, akautazama mkono wa Rahila.

"Umepaka rangi ya kucha," alisema. "Kuna harusi?"

Rahila alitazama. Wekundu ulikuwa umemgandia ukuchani, kwenye kidole cha shahada. Bi Chiku hakumpigia kelele. Aliketi tu kwenye benchi, mikono mapajani, kama aliyechoka kwa safari ambayo bado hajaianza.

Stensili ilikuwa bado kwenye debe la taka, imekunjwa mara mbili. Rahila aliitoa, akaipangusa kwa tambara la mafuta ya taa, akaisimamisha kwenye kioo cha dirisha. Mwanga uliingia kwa maneno yote, barabara, kifusi, nyumba za walimu. Katikati palikuwa na kiraka chekundu, kigumu kama kovu.

Akaanza kukwangua. Rangi ilitoka kwa vipande vidogo na nta ikatoka nayo. Herufi hazikurudi kama alivyozichapa. Zilichanika, zikaungana, hata jina la Mastura likawa mwanya mmoja usiosomeka, mpana kama punje ya mpunga.

"Bi Chiku," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Njoo huku dirishani."

Yule mama aliinuka polepole. Aliusogelea ule mwanya, akafumba jicho moja, akaliweka jingine pale. Rahila aliishika stensili kwa mikono miwili. Nje, ng'ambo ya ua, wodi ilisimama na kuta zake nne juani, na mpapai uliojiotea chumba cha kujifungulia ulikuwa umezipita kuta kwa kimo, majani yake yametandaza kivuli ndani.

"Unaona nini?" Rahila aliuliza.

Bi Chiku alibaki pale, jicho kwenye mwanya, pumzi yake ikiitia ukungu nta ya buluu na kuuondoa, ikiutia na kuuondoa.