Gari la Bwana Tolley Lapanda Scarrow

Bi Sugden, jirani yetu, anamwambia kila anayepita dirishani kwake kwamba gari la Bwana Tolley lilipanda mlima wa Scarrow bila kukohoa, na kwamba yeye alikuwa kwenye kiti cha nyuma, akitupungia mkono kama malkia. Sisemi amedanganya. Kileleni alifika, na mkono aliupunga. Ila kuna jambo amelimeza.

Mimi nauza chai kwenye kibanda chini ya mlima huo. Magari mapya huletwa hapa na Bwana Penrose, mtu wa gazeti la magari, ayajaribu. Hulisimamisha gari katikati, pale mlima unapokuwa mkali kuliko kote, kisha huliondoa tena. Likishindwa, ataandika, na akishaandika, nani atalinunua? Tena lazima gari lijae watu, kwa hiyo hupakia wanakijiji, akawashukuru kwa chai na skonzi. Bi Sugden huchaguliwa wa kwanza. Mwili wake unajaza viti viwili, na hilo kwake ni cheo.

Bwana Tolley ana karakana ndogo tu, na kaka yangu Wilf ni fundi wake. Kila walichokuwa nacho walikitia katika gari hilo. Asubuhi ya siku ya kujaribiwa, Wilf aliniambia, "Nell, likikwama leo, kesho nakuja kukuoshea vikombe." Alicheka, lakini uji wake hakuumaliza.

Bi Sugden alipoingia, gari lilipiga magoti.

"Taratibu, mama," akasema Bwana Tolley.

"Taratibu gani? Liambie livumilie. Marehemu mume wangu alivumilia."

Likapanda vizuri hadi katikati, likasimama kama ilivyotakiwa. Kuondoka sasa, likakohoa, likazima. Wakaliwasha, likazima tena. Nikapanda na birika langu mkononi nikaangalie. Wilf alikuwa ameinama ndani ya boneti.

"Mafuta hayafiki kwenye injini," akasema. "Bwana Tolley, umetia kiasi gani?"

Bwana Tolley akavitazama viatu vyake. "Kidogo. Nilitaka liwe jepesi."

Bi Sugden akachomoza kichwa dirishani. "Umepunguza mafuta, halafu ukanipakia mimi?"

Tangi la gari lile liko nyuma ya injini, juu ya miguu ya dereva, na mafuta hushuka yenyewe. Gari likiinua pua, na mafuta ni kidogo tu ya kulamba, yote hukimbilia nyuma, mbali na injini. Na mafuta ya kuongeza yako mjini, ng'ambo ya mlima.

Wilf akajifuta jasho. "Tuligeuze. Likipanda kinyumenyume, mafuta yatalala upande wa injini. Na gia ya nyuma ina nguvu."

"Mbele ya watu wote hawa?" akauliza Bwana Tolley.

"Au niende nikaoshe vikombe?"

Wakaliteremsha, wakaligeuza kwenye lango la shamba. Wanawake waliokuwa wamekaa juu ya ukuta wa mawe wakaanza.

"Tolley! Gari lako linaona haya?"

"Siyo haya, linatuaga!"

"Lipishe, lina adabu hilo, halimpi mtu mgongo!"

Gari likapanda matako mbele. Pale katikati Bwana Penrose akalisimamisha tena, maana kanuni ni kanuni. Nikauma kitambaa cha kichwa. Likatetemeka, likanguruma, likaondoka hadi kileleni. Bi Sugden alitupungia mkono njia nzima. Uso wake ulikuwa umetuelekea, angefanya nini?

Waliporudi kibandani, Bwana Penrose akatoa penseli. Bwana Tolley akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Bwana Penrose, limepanda?"

"Limepanda."

"Limesimama penye ukali, likaondoka?"

"Limeondoka."

"Na watu wote ndani?"

"Pamoja na Bi Sugden."

"Na asisahau kuandika hilo!" Bi Sugden akasema, skonzi mdomoni.

Wilf akaacha kufuta mikono. Bwana Tolley akasogea karibu.

"Basi, bwana wangu, nakuomba kitu kimoja tu. Kuna ulazima wa kuandika lilikuwa limeelekea wapi?"

Bwana Penrose akachovya skonzi yake kwenye chai, akaitazama ikilowa. Nikamwongezea chai bila kuombwa.